Siku Nilipogeuka Binamu Yako

Mpendwa binamu,

Usishangae kuitwa hivyo. Jina hilo ulilichagua mwenyewe mwezi wa Julai, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Jina lako la kweli silitaji hapa, kwa sababu mama yako angali anaishi karibu na bwawa la Masinga na ana majirani. Lakini wewe utajijua. Ndiwe uliyekuwa mke wangu.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kisha Jumapili iliyopita ukaniandikia: "Sasa binamu. Imebaki miaka miwili na miezi kumi. Vumilia." Ukaweka na kile kisura cha kukonyeza jicho. Nilikuwa nafua mashati nyuma ya nyumba, Mumbuni, na mkono ukabaki ndani ya povu. Mtu anayemhesabia mwenzake miezi kama askari wa jela, tena huku anakonyeza, anastahili kujibiwa.

Unakumbuka shajara yangu. Ulikuwa ukinicheka: "Wewe utaandika hata siku uliyopiga chafya." Nimeifungua ili nisikuzulie neno.

Tarehe 20 Aprili, mwaka jana: "Mbuzi wameliwa. Ameoa Mutua." Niliandika hivyo, kana kwamba Mutua ni mtu mwingine niliyemwonea fahari. Tulikuwa tumeleta mbuzi watatu wa ntheo, na wewe unajua kwetu Ukambani ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Padri na karatasi huja baadaye, au haviji kabisa. Baba yako alisimama mbele ya wazee akakuuliza, "Mbuzi hawa, tuwale?" Msichana akinyamaza, mbuzi hurudi kwao. Wasichana wengine hujibu wakitazama chini na kuchora ardhi kwa kidole cha mguu. Wewe ulinitazama mimi usoni, ukasema, "Waleni." Shangazi yako akadakia, "Huyu alikuwa na njaa," na ua mzima ukacheka.

Kuanzia siku hiyo mama yako hakunipa mkono tena. Hapo awali alikuwa akiniita jikoni, ananichotea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sufuria na kunituma maji. Baada ya mbuzi, akaanza kunisalimu kutoka mbali, chakula akakituma kwa mtu mwingine, na tukikutana njiani anapita upande wa pili. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya mkwe na mama wa mke. Umbali ule niliupenda. Wengine wana pete. Mimi nilikuwa na mama anayekwepa kivuli changu.

Ntheo uliitaka wewe. Ulikuwa umekwisha kupata familia Ujerumani ya kukuchukua kama au pair, mwaka mmoja wa kulea watoto wao huku unajifunza lugha, ukaniambia, "Tufanye kabla sijaenda, ili ujue nitarudi." Jioni nikitoka kazini, kwenye stoo ya shule, nilikuja na maboksi ya chaki. Tuliyakata vipande, tukaandika neno la Kijerumani upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Somo la kwanza lilikuwa kujitambulisha: jina, umri, kwetu, sijaolewa.

Nikakuuliza, "Na hiyo ya mwisho?"

"Wanachukua tu mtu ambaye hajaolewa. Kwani mbuzi waliandikwa wapi?"

Nilicheka. Hapo ndipo ninapojidharau mimi kwanza, kabla sijafika kwako. Nilikuuliza sentensi ile kila jioni mpaka ukaisema bila kukwama. Nilikufundisha kunikana, tena nikakusahihisha matamshi.

Septemba nilikusindikiza hadi Kyumbi, ungoje gari la kukupeleka uwanja wa ndege. Ulinunua machungwa ya mwanamke mmoja kando ya barabara, ukala moja, matatu ukanipa. "Mwaka mmoja tu," ulisema. Niliamini. Sioni aibu kwa kuamini. Imani si ujinga mpaka mtu aifanye ujinga.

Mwezi wa Machi ukataka karatasi. Ulisema kibali chako kikiisha utaingia mafunzo ya uuguzi, kisha unitafutie njia nije. Nilitafuta nakala mpya ya cheti chako cha kuzaliwa. Nilienda Nairobi kwa msajili wa ndoa mara tatu, kuchukua cheti kinachosema hujaolewa. Nilipokuuliza kwa nini muuguzi anatakiwa kuwa na cheti hicho, ukasema, "Huku wanauliza kila kitu, hata rangi ya mswaki. Utanisaidia ama hutanisaidia?"

Kisha hati ya kiapo ya baba yako. Niliipeleka mimi mwenyewe. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaniangalia juu ya fremu.

"Hii inasema mtoto wangu hajaolewa. Wewe basi ni nani hapa?"

"Ni utaratibu wa wazungu tu, baba."

Akatia sahihi kwa sababu mkwe wake amesema. Mzee ambaye hajawahi kudanganya hata umri wa ng'ombe, nilimfanya aapie uongo mbele ya wakili, nami nikamshikia kalamu.

Tarehe 8 Juni nilijua karatasi zilikuwa za nini. Hukujificha, hilo nakupa. Ulieleza kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Kibali cha au pair kinaisha tarehe 12 Septemba. Kaka ya mama wa watoto unaowalea, fundi wa baiskeli, amekuposa. Mkifunga ndoa mwisho wa Agosti, unabadilisha kibali bila kurudi Kenya. Baada ya miaka mitatu ya ndoa unaweza kubaki hata mkiachana, kisha uniite mimi. "Kwa hivyo ni miaka mitatu tu, Mutua. Hii si mapenzi, ni kalenda."

Ungeniambia unampenda, ningelia nikanyamaza. Watu hupendana, na mbuzi si minyororo. Lakini wewe hukumpenda yeye, na mimi hukuniacha. Ulituweka wote wawili kwenye rafu moja, kila mmoja na tarehe yake ya kutumika. Mimi hufanya kazi stoo. Najua mtu anavyotazama bidhaa.

Halafu Julai. Ubalozi ulikuwa unamtuma wakili kuja kuuliza nyumbani na kwa majirani kama kweli hujaolewa. Sauti yako haikuwa ya ratiba tena. Ulisema neno moja la mtu mmoja lingetosha: ndoa isifungwe, kibali kiishe, urudishwe, na baba yako aulizwe kuhusu kiapo chake. "Nenda ukae na wazee ili wasibabaike. Ukiulizwa, sema wewe ni binamu yangu."

Nilikwenda Masinga nikiwa na shajara kwenye mfuko wa koti. Sitakuficha: nilikuwa nimeweka alama kwenye ukurasa wa tarehe 20 Aprili.

Wakili alikuwa mama mpole mwenye viatu vya raba na faili ya kijani. Alikunywa chai, akasifu mbaazi za mama yako, kisha akauliza maswali. Baba yako alijibu akitazama kofia yake aliyoiweka juu ya goti. Mama yako alikaa mbali nami, mlangoni, anapepeta mbaazi. Wakili akanigeukia.

"Na wewe kijana, ni nani katika boma hili?"

Ungo ukasimama. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya jalada la shajara. Nilimtazama baba yako, nikakumbuka nani alimshikia kalamu.

"Mimi ni binamu yake," nilisema.

"Wa upande gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mama yako aliweka ungo chini, akavuka ua, akaja hadi nilipokaa. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Wa upande wangu," alimwambia wakili. "Ni mtoto wa dada yangu." Viganja vyake vilikuwa na vumbi la maganda. Hakuniachilia mpaka wakili alipomaliza kuandika.

Wakili aliona mama na mtoto wa dada yake. Kila mtu mwingine pale aliona ndoa inavunjwa. Mkwe hashikwi mkono na mama wa mke wake. Akishashikwa, si mkwe. Wakili alipoondoka mama yako aliniita jikoni, akanichotea muthokoi kwenye sufuria kama zamani. Tulikula pamoja. Alilia kidogo, nikajifanya ni moshi.

Kwa hivyo umekosea hesabu, binamu, wewe unayejua tarehe zote. Haikubaki miaka miwili na miezi kumi. Ilikwisha Julai, mchana, kati ya ungo na faili ya kijani, na mama yako ndiye aliyeifunga. Kwetu binamu haoi binamu, hata akingoja miaka mia.

Kibali unacho. Hakikutoka kwa akili yako unayoisifu. Kilitoka kwa wazee wawili walioona haya kwa niaba yako. Mumeo simchukii. Namwonea huruma, maana mimi nilionyeshwa kalenda, yeye anadhani ni mke.

Usinihesabie tena kitu. Siku nitakayopeleka mbuzi kwingine nitakualika, na kama viza yako itaruhusu, uje. Binamu hukaa jikoni na kuosha sufuria. Nami ukirudi kwenu nitakupa mkono mbele ya watu wote, bila haya, kwa sababu hakuna tena cha kuheshimu kati yetu.

Msalimie shemeji yangu, fundi wa baiskeli.

Ni mimi,
Binamu yako wa upande wa mama