Shavu la Baba

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu mtundu, kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu unaolalamika kila nikikaa sana kwenye cherehani.

Barua yako nimeipata, pamoja na karatasi ya kumhamishia Baba kwenye ile nyumba ya wagonjwa wasiojitambua. Sahihi yako nimeiona, na nafasi yangu nimeiona. Hata kalamu umenitilia kwenye bahasha, kana kwamba fundi mzima hana kalamu. Unasema kitanda tumewekewa hadi mwisho wa mwezi. Haraka hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Elimu yako ya ubongo nimeisoma mara tatu. Kwamba zamani sana viumbe vilikuwa na chembe chache za kuhisi joto na baridi tu, zikaongezeka kizazi baada ya kizazi, zikaanza kupashana habari, mpaka akatokea kiumbe anayejijua. Kwamba hakuna chembe hata moja inayojua lolote, ila zikishirikiana kwa mabilioni ndipo anapopatikana mtu. Na kwamba za Baba, tangu kiharusi, hazipashani tena habari, kwa hiyo umebaki mwili tu. Sawa, Profesa. Lakini kama fahamu iliingia kidogo kidogo, hata ninyi wasomi hamjui iliingia lini, siku ya kutoka umeijuaje, tena ukiwa mbali hivyo? Nashuku hukuandika ili unielimishe. Umeandika ili upate usingizi.

Basi nisikilize. Unajua Baba alikuwa kinyozi miaka arobaini. Kila asubuhi namnyoa ndevu, na wembe ukikaribia anajaza shavu pumzi, lile la kulia ambalo bado linamtii, kama alivyokuwa akiwaamuru wateja wake. Daktari aliliona hilo, akatabasamu. "Ni mazoea tu ya mwili, mama. Usijipe moyo bure." Sikumwamini. Hata mimi mwenyewe sikujiamini, maana natamani mno Baba awe yumo.

Jumatano nikamtega. Nilichomoa wembe kwenye kishikio chake, nikabaki na kishikio kitupu, nikampaka povu. Akajaza shavu. Nikakipitisha, povu likaondoka, ndevu zikabaki pale pale. Nikampaka tena, akajaza, ila polepole, jicho likifuata mkono wangu. Mume wangu akaguna mlangoni, "Mbona unamchunguza mzee kama mwizi?" Mara ya tatu Baba alikitazama kishikio, akanitazama mimi, akafumba mdomo, akageuzia uso ukutani. Hakunipa shavu hadi Ijumaa.

Mazoea gani hayo yanayonuna? Niliona haya mpaka nikalia, kisha nikafurahi kuliko siku yoyote tangu augue. Daktari nimemweleza, anasema huenda ni bahati tu.

Kwa hiyo karatasi nairudisha ilivyokuja. Kama bado unaamini hakuna mtu mle ndani, panda ndege uje, ukae kando ya kitanda chake, umwambie mwenyewe akikutazama.

Msalimie wifi, na umbusu mtundu wetu kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji yako anakusalimu. Mungu akulinde, na akulainishe moyo. Salamu za Baba sina. Barua yako sijamsomea, naogopa ataielewa.

Akupendaye sana, ingawa kwa hili hakuamini,
Dada yako.