Ratiba niliyoitunga na macho ya Maman Konsolata

Jumanne, saa kumi alasiri. Mawingu yamelala juu ya Kamembe tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimefika nyumbani Gihundwe, nimevua viatu, chai imepoa mbele yangu.

Ratiba ile niliitunga mimi. Sina wa kumlaumu.

Miezi mitatu iliyopita wauguzi wawili wa wodi yetu ya wazazi waliniletea barua za kuacha kazi. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, mwingine alikuwa amechoka tu. Mimi ndiye ninayewasimamia, nikamwomba mkuu wa kituo chetu cha afya tujaribu zamu za kuchagua: mwenye mtoto afanye nusu siku, aliyechoka apumzike siku mbili mfululizo, na mapengo yazibwe na wastaafu. Wote wawili wakabaki. Nilijiona nina akili sana.

Mstaafu wa kwanza niliyemwita ni Maman Konsolata. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipotoka Bukavu na diploma yangu mpya, sijui hata kumshika mtoto aliyezaliwa sasa hivi asiniteleze. Anakuja asubuhi tatu kwa wiki.

Dalili niliziona. Alianza kuandika nje ya mistari ya faili. Wiki iliyopita alimsalimia mfagiaji akidhani ni mimi. Nilicheka, nikanyamaza, kwa sababu bila yeye Jumanne inabaki na mtu mmoja.

Leo saa nne mama mmoja alijifungua mtoto wa kike. Mimi nilimpokea mtoto, Maman Konsolata akageukia meza kuandaa sindano ya kuzuia damu. Sijui ni nini kilichonifanya nitazame. Ampuli, kile kichupa cha dawa, aliyokwisha kuivunja ilikuwa ya dawa ya kushusha presha. Bomba la sindano lilishajaa.

"Maman, ngoja!" Nikamshika mkono. "Hiyo siyo yenyewe."

"Ni yenyewe. Minaona muzuri, mwangaza ndio kidogo."

Dirisha lilikuwa wazi, na mwanga ulitosha kusoma.

Nilichukua ampuli sahihi, nikachoma mwenyewe. Yule mama hakujua kitu. Alikuwa anauliza kama mtoto ana nywele.

Tulipobaki wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilimuuliza ni tangu lini haoni vizuri. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge.

"Mwezi moja hivi. Nilijiambia, nikisema, utabakia na nani? Bale batoto bako ba kazi batakimbia tena."

Alimaanisha wale wauguzi wangu wawili. Kumbe mimi na yeye tulikuwa tunanyamaza kwa sababu moja.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo, nikamweleza yote, hata yale niliyoyaona nikacheka. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mwezi huo mzima, amewachoma akina mama wangapi?"

Nikamwambia itabidi tufungue faili.

Maman Konsolata hatagusa sindano tena. Nimempa kazi ya kuwafundisha akina mama wapya kunyonyesha, kama atakubali. Aliondoka bila kuniaga. Kisha nilimpigia simu yule muuguzi mwenye mtoto, nikamwomba anisaidie Alhamisi kutwa. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua jambo jingine.

Kesho saa moja asubuhi tunafungua faili zote za mwezi huo. Lakini kuna moja ambayo sihitaji kuifungua. Ni ya mama mmoja anayetoka Giheke, aliyejifungua mtoto wake wa tatu. Alichomwa na Maman Konsolata. Alipokuwa anaondoka alisema anasikia kizunguzungu, nikamwambia ni uchovu. Alipangiwa kurudi Ijumaa iliyopita. Hakurudi, na mimi sikuuliza.

Simu yake haipatikani tangu mchana. Mjumbe wa afya wa kijiji chake ameniahidi kwenda kumtazama kabla giza halijaingia.

Nimejaribu tena sasa hivi. Inaita.

Akipokea, nitaanza na neno gani? Na asipopokea yeye, akapokea mwingine?