Bahasha Iliyokwenda Mkwajuni ya Bara

Mkwajuni,
Msambweni.
10 Agosti, 1964.

Mpendwa shemeji Othman,

Assalamu alaikum. Natumai hujambo huko Tanga, na kile kifua chako kimepoa. Sisi huku miili ni mizima, roho ndizo hazijatulia.

Ile idhini yako ya kumfanya Mwalimu Abdurahman wakili wako amwozeshe mwanangu Asiya haikufika kwa siku yake. Juu ya bahasha uliandika "Mwalimu wa Msikiti, Mkwajuni, Kwale", basi. Msambweni hukuitaja. Ikapelekwa Mkwajuni ya bara, kule karibu na Mkongani. Umezaliwa hapa, Othman, na wajua fika kuwa Mkwajuni ziko mbili. Ila ndiyo tabia yetu sote, kila mtu hutaja kwao kana kwamba hakuna kwingine.

Ijumaa ile watu wa Majoreni walikuja na bwana harusi wao, Seifu. Pilau imeiva, Asiya ana hina hadi viwikoni. Mwalimu akaniita kando. "Bi Mwanafatuma, babake ni marehemu, ami yake hayupo, na karatasi sina. Nimwozeshe kwa ruhusa ya nani?" Wageni walikula, wakarudi kwao bila mke. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne akabisha hodi mzee mmoja, Chome, vumbi hadi magotini. Kaileta barua yako. Yeye si Mwislamu, lakini mwalimu wa kule aliyeifungua ni mgonjwa, na Chome aliposikia ni jambo la mwari alijitolea, akatembea siku mbili. Kabla ya maji aliuliza kama harusi imepita salama. Nililia mbele ya mgeni, shemeji.

Sasa wakwe hawataki karatasi tena. Wanataka kumwona wali, yaani wewe ami yake, kwa macho yao, Ijumaa tarehe 28, la sivyo Seifu ataoa kwingine. Hina ya Asiya imeanza kufifia.

Basi usiniandikie. Njoo.

Nisalimie mkeo Mapenzi na watoto. Mungu akufungulie njia.

Mzee Chome nimemwalika, na amekubali kutembea tena. Mtu wa Mkwajuni isiyo yetu atakuwepo. Usinitie aibu ya kumwonyesha mkeka wa ami ukiwa mtupu.

Mimi shemeji yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Mwanafatuma