Mwasho wa Primula

Jumanne, 5 Machi 1912

Malengelenge yamerudi. Safari hii kati ya vidole. Nimekula chakula cha mchana na glavu za pamba. Mama Hedblom, mwenye nyumba wangu, akauliza kama huko chuoni siku hizi samaki huliwa kwa glavu. Nikasingizia baridi. Mji wote wa Uppsala ni barafu, akasadiki.

Miaka miwili nasuuza majani ya primula, ua la bustanini, kwa etha ili kuyatoa mafuta yake. Vinyweleo vyake vina sumu ya kuwasha. Kila mtunza bustani anaijua, ila hakuna mkemia aliyewahi kuipata ikiwa safi. Ndio utafiti wangu wa shahada ya uzamivu. Mwanzoni sikuwashwa hata kidogo – na nikajiona!

Ijumaa, 8 Machi

Kope zimevimba. Torkel, tunayegawana naye meza maabarani, kaniangalia weee.

“Dada, umepigana na mumeo?”

Nikamwambia sina mume.

“Basi ni hatari zaidi. Unajipiga mwenyewe.”

Nilicheka. Kisha akanong'ona kwamba Profesa Ekenstam kauliza kwa nini naosha mikono kila mara. Mwaka jana Yngve, mwanafunzi mwenzetu, alivimba koo kwa sumu hii hii. Profesa alimwondoa maabarani siku ileile, kazi yake akapewa mwingine. Daktari alisema ngozi ikishaijua sumu haisahau. Kila mguso huja mkali kuliko uliopita.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Sikusikia neno la mahubiri. Nilikuwa nasikiliza koo langu.

Jumatano, 13 Machi

Fuwele! Sindano nyembamba, manjano ya dhahabu, chini ya chupa. Niliogopa hata kuzipumulia.

Profesa akaziinua kwenye mwanga.

“Nzuri. Lakini uzuri si ushahidi, Bi Valborg. Zinawasha?”

Huenda ni rangi tu ya mmea, na sumu imo kwenye mafuta yaliyobaki. Ngozi yake na ya Torkel haziijui primula, haziwezi kujibu. Anataka mtu ambaye primula tayari humdhuru. Keshokutwa auone mkono wa mtu huyo kwa macho yake.

Nikaenda kwa mzee wa bustani ya chuo. Alikataa kabla sijamaliza. “Kiangazi kilichopita nusura nife kwa maua hayo, binti. Tafuta mwingine wa kumzika.”

Mwingine namjua. Nikimwonyesha Profesa mkono wangu uliovimba, kazi imethibitika – na mimi nje, kama Yngve. Usipovimba, nabaki na miaka miwili ya bure.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nimeweka matone matatu upande wa ndani wa mkono: etha tupu, mafuta, fuwele zilizoyeyushwa. Sikuthubutu kukaa peke yangu. Nikamwambia Mama Hedblom, nikishindwa kusema, akimbilie daktari. Akaweka chini soksi aliyokuwa akifuma.

“Umekunywa nini wewe?”

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akanishika kiganja, akakaa.

Mpaka jioni, hakuna kitu. Najikuta naomba uwashe. Kisha naomba usiwashe. Mungu anisikilize lipi?

Ijumaa, 15 Machi

Etha, hakuna. Mafuta, hakuna. Kwenye fuwele – duara jekundu, limejaa malengelenge, linachoma kama makaa. Ndizo! Nilikuwa sahihi!

Sauti imeanza kukwaruza. Hofu, au sumu? Sijui.

Mama Hedblom alinifuata mpaka mlangoni. “Mwanangu, mwambie hukumpata mtu. Nani atajua?” Njia nzima nimelitafuna neno hilo. Hukumpata mtu. Ni jepesi sana.

Naandika kwa penseli, kwenye benchi nje ya ofisi yake. Torkel katoka sasa hivi, kaniambia Profesa yuko katika hali nzuri leo, niitumie. Nimemeza mate mara mbili. Yanapita, kwa shida.

Mlango umefunguka. Anauliza kama nimempata mtu.

Nafungua kifungo cha mkono wa blauzi.