Akaunti ya Kaka Mbonea

Kaka Mbonea,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila hiyo, mkono wenyewe unakataa.

Nakuandikia nikiwa kaunta, nimekalia kiti chako. Bado kinalia upande mmoja. Mchana huu banda la gemu lina watu wawili tu, na joto la Same unalijua, feni inazungusha vumbi. Nimechoka, kaka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe haipo kihivyo. Ni kuulizwa kila siku mambo ambayo wewe ungeyajibu kwa neno moja na kuendelea kuchomelea simu yako.

Tulikuzika kwenu Chome, pembeni ya baba yako. Gari lilikwama kwenye ule mpando, wanaume wakashuka kusukuma na wewe umo ndani. Nikawa nawaza, angekuwepo huyu angeshawacheka. Ile simu uliyokuwa umeishika asubuhi presha ilipokuangusha nimeimalizia mwenyewe. Kioo kimekaa vizuri. Gundi ungeikosoa tu.

Sasa nikupe habari za banda. Kule stendi wamefungua jipya, lina mashine mpya na runinga kubwa, na kwenye gemu la vita bunduki zote ziko wazi. Mtu anakaa anachagua anayoitaka, hata kama hajawahi kushika pedi ya gemu maishani mwake. Wateja wetu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Walikuwa wananiaga kwa adabu, na adabu yao ndiyo iliyokuwa inaniudhi zaidi.

Wewe hukutaka mambo hayo. Kwako kila mtu alikuwa na akaunti yake kwenye mashine, na kila mtu alianza na bastola. Anacheza, anapata pointi, pointi zikitosha gemu linamfungulia bunduki nyingine, halafu nyingine, mpaka ile ya masafa marefu ambayo wote wanaililia. Aliyetaka kuchezea ya mwenzake ulimwambia, "Hapa hatuazimani akaunti, kama tusivyoazimana mswaki." Mimi nilikuja kwako kujifunza ufundi simu, ukanifanya mdogo wako, gemu lenyewe mpaka leo silipendi, makelele matupu. Ila Saitoti alinifanya nikuelewe. Unamkumbuka, yule mfugaji wa kule tambarare anayekuja siku za mnada tu, anaacha fimbo mlangoni ndipo anakaa. Anaweza kupotea hata mwezi, akirudi anakuta bunduki zake palepale alipoziachia. Siku moja aliniambia, "Dada, mji huu mzima ni hii mashine tu inanijua." Nilimcheka, kisha nikaona hakuwa anatania.

Aliyeanzisha habari ya akaunti yako ni Baraka wa bodaboda. Alinijia kaunta akasema, "Sista, si utufungulie akaunti ya bro Mbonea? Mule kila kitu kiko wazi. Na yeye si hatumii tena." Alisema polepole, hakuwa na ubaya. Mimi nilimfukuza kama mwizi wa kuku.

Wifi Nanzia akazisikia habari hizo. Nilitegemea mkeo awe wa kwanza kuwaka, lakini wala. Alisema, "Wifi, waachie. Kama hicho ndicho kitakachowarudisha, waachie. Banda likifungwa tutabaki na nini chake?" Nikafungua akaunti yako, nikabonyeza jina lako kwa mkono wangu huu. Ni kweli walirudi, kaka, wakawa wanagombea zamu ya kuwa wewe.

Kuna kitu hatukukifikiria, mimi wala wifi. Pale juu kwenye kona ya runinga, kila anapouawa mtu gemu linaandika: jina la aliyeua, picha ya bunduki, jina la aliyeuawa. Na hawa watu walikuwa na bunduki zako, mikono yako hawakuwa nayo. Wanakufa ovyo. Basi ikawa kutwa nzima ni jina la huyu, bunduki, Mbonea. Jina la yule, bunduki, Mbonea. Siku ya kwanza nilipoona nikageuza kiti nikaangalia ukuta. Siku ya pili nikafanya hivyohivyo.

Alhamisi wifi akaja kuniletea chakula cha mchana, hotpoti la makande. Akasimama mlangoni. Gemu halijui, lakini kusoma anasoma. Jina lako likaandikwa. Akiwa bado anaangalia likaandikwa tena. Baraka ndiye aliyekuwa anakuchezea, na alipogeuka akamwona, akaishusha pedi mapajani.

"Ndiye yeye?" wifi akaniuliza.

Nikamwambia ndiye.

"Na akishauawa inakuwaje?"

Nikamweleza kwamba anarudi. Inapita kidogo tu, anarudi pale alipoanzia na bunduki zake zote. Aliitikia kwa kichwa, akaweka hotpoti kaunta, akaenda kuchukua ile pedi mikononi mwa Baraka. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Akauliza cha kutembelea ni kipi, Baraka akawaanzishia gemu upya, akamwonyesha.

Basi akakutembeza, kaka. Ulikuwa unagonga kuta, unazunguka, unaangalia juu angani bila sababu, mpaka akakufikisha nyuma ya ghala moja. Akakusimamisha hapo, uso umeelekea ukutani, akaacha kubonyeza.

"Hapa hawamwoni," akasema.

Wewe unajua runinga yetu ni moja, imegawanywa vipande vinne, na kila mtu anaona mwenzake alipojificha. Wote walikuwa wanakuona. Hakuna aliyekufuata. Waliendelea kuuana wao kwa wao upande ule mwingine, kimyakimya, bila zile kelele zao, mpaka muda ukaisha. Majina yalipopangwa la kwako lilikuwa la mwisho, bila pointi, na hukuwa umekufa hata mara moja. Hapo ndipo nilipolia. Chome sikulia, nilikuwa nagawa chai.

Siku hiyohiyo akaunti yako nikaifunga kwa namba ya siri, tunaijua mimi na wifi tu. Nikawatangazia kwamba utaratibu wa Mbonea umerudi, asiyetaka stendi si mbali. Wengi wameenda. Baraka amebaki, anahangaika na bunduki zake za kati na kulalamika kila siku. Na mnada uliopita Saitoti ameifungua ile ya masafa marefu, kwa jasho lake. Alisimama, akageukia kiti hiki kukuonyesha, akanikuta mimi. Nilimpa mkono kama ulivyokuwa unawapa. Alishukuru, lakini niliona haikutosha, na mimi pia haikunitosha.

Siwezi kukuahidi kwamba banda litaendelea kuwepo, kaka. Nitaongopa. Ninachokuahidi ni kwamba siku tukishindwa, mashine hii haitaenda kwa mtu mwingine ikiwa na jina lako ndani. Na mpaka hapo, wifi akija na makande nitamfungulia. Huwa anakaa kidogo tu. Anakupeleka palepale nyuma ya ghala, kuta sasa hakugongeshi sana, na wateja wakiona ni yeye wanahamia upande wa pili bila kuambiwa.

Kwaheri, Kaka Mbonea. Pumzika. Hakuna anayekufuata.

Mdogo wako,
Namkunda