Ufunguo wa Sufuria ya Msiba

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha na joto halitaki kuondoka. Nimekaa jikoni na daftari hili magotini kwa sababu chumbani hakukaliki. Chumbani kuna ile sufuria.

Nimesema uongo, tena kwa mfiwa.

Niandike tangu mwanzo, labda nitapumua. Miaka ile madukani hapakuwa na kitu, Wakristo wote wa hapa Murangi tulikuwa tunasali pamoja. Msiba ukitokea, tulizunguka nyumba kwa nyumba kuazima visufuria, na wageni wanasubiri. Ndipo akina mama tukakusanya dagaa, wakanituma mimi na rafiki yangu Nyangeta kuvuka mpaka wa Kenya pale Sirari, tukazibadilisha kwa sufuria moja kubwa ambayo ng'ombe mzima anaingia.

Kurudi, mgambo wakatusimamisha njiani. Magendo wakati ule lilikuwa jambo la kufungwa, na ndani ya sufuria tulikuwa tumeficha vipande vya sabuni. Nyangeta hakuniuliza. Alijifunga kanga kichwani akaanza kulia, "Yoo mama yangu, nitakupikia na nini," nami nikadakia. Tulilia mpaka mgambo mmoja akavua kofia. "Poleni sana, mama zangu, piteni." Mama yake Nyangeta wakati huo alikuwa mzima, analima mihogo yake.

Nikakabidhiwa sufuria, na ufunguo wa kufuli la mnyororo wake. Sufuria imekaa kwangu miaka yote hii, na haijawahi kuuliza mfiwa anasali wapi.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Magari ya barafu yakaanza kufuata sangara huku kwetu, na wahubiri nao wakaja na spika zao. Tulipokosa sabuni tulikuwa kanisa moja. Sasa sabuni imejaa mpaka vibandani na tumekuwa makanisa matatu. Nyangeta aliondoka na kundi la kwanza. Sikumlaumu, mahubiri ya kwetu yanalazaga watu hata mimi najua.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa letu wakakaa. Wakaamua kwamba vyombo visitoke kwenda kwa walioondoka, na atakayevitoa atatengwa, yeye na nyumba yake. Baba Neema, mume wangu, ni mzee wa kanisa. Alinyoosha mkono pamoja na wengine. Nilipomuuliza akasema, "Mimi ningefanyaje peke yangu?" Nilimkasirikia siku tatu.

Na Neema, binti yetu, ndoa yake inafungwa kanisani hapo wiki mbili zijazo. Nyumba ikitengwa, hakuna ndoa. Wakwe wameshaambiwa, nguo imeshashonwa.

Jana asubuhi Nyangeta akaja. Macho yamevimba, miguu ina vumbi mpaka magotini.

"Mama Neema, mama ametuacha. Nimekuja kuchukua sufuria yetu."

Alisema yetu.

Nikamwambia ufunguo anao Baba Neema, kaenda Manyamanyama, huko Bunda, kwa kaka yake, atarudi Jumatatu. Safari ilikuwa ya kweli. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga niliyovaa.

Akaniangalia kiunoni. "Mbona ulikuwaga unaufunga kwenye kanga?" Aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kusaidiwa. Nikageuza uso. Akasema, "Haya dada," akaondoka, nami nikarudi kuchambua mchele kana kwamba hakuna aliyekuja.

Leo ibadani tumehubiriwa kwamba sisi ni viungo vya mwili mmoja. Nikaitikia amina. Imetoka vizuri tu, wala sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Baada ya ibada nikaenda kuzika. Nilikuta akina mama wanapika kwenye visufuria tisa vya kuazima, moshi kila upande, ugali unaiva kwa mafungu. Watu wa mbali, waliotoka Bunda na Butiama, walikula kwa zamu, na wengine waliondoka kabla zamu yao haijafika. Mama yake Nyangeta alilisha nusu ya kijiji hiki enzi za njaa. Mimi mwenyewe nimekula mihogo yake.

Nilikaa nyuma kabisa, nikijificha. Nyangeta akaniona. Alikuja na sahani, ugali na kipande cha sato, akaniwekea mapajani. "Kula, Mama Neema. Umetembea." Baadaye dada yake akaniambia Nyangeta mwenyewe alikuwa hajala tangu jana.

Nilikula. Ningefanyaje? Kukataa chakula cha msiba ni tusi.

Nikitoa sufuria, namharibia mwanangu. Nisipotoa, nitamtazamaje Nyangeta tukikutana kisimani, na tunakutana kila siku? Nimezunguka humo tangu mchana, sioni mlango. Nimemchukia Baba Neema, nimewachukia wazee, na mwisho nimebaki na mikono yangu, maana aliyesema uongo ni mimi. Mzee hata mmoja hakuwepo pale mlangoni.

Kesho wanaanua matanga. Watapika tena.

Muda si mrefu uliopita nimekwenda kufungua kufuli. Nimeishika sufuria sikio moja, nikavuta, haikunyanyuka. Nilikuwa nimesahau. Tangu Sirari, sufuria hii haijawahi kubebwa na mtu mmoja.

Nikamwita Neema, nikamweleza yote, hata sabuni, hata ndoa yake. Nimemwambia asiponisaidia sitamlaumu. Akaigusa ile sufuria, akafuta vumbi kwa kiganja.

Halafu akaniuliza kesho tutaondoka saa ngapi.

Nimemwambia asubuhi, kabla basi la Bunda halijamleta baba yake. Amekwenda kuchota maji ya kuiosha. Mimi nimebaki hapa, na bado naogopa.