Kona ya Makaburini

Randleboro, Karolina Kaskazini
Julai 9, 1978

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila mikono inanuka grisi hata nikiisugua mara mbili. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungekata kabla sijamaliza. Barua huwezi kuikata. Labda uichome, na hapo utakuwa umekwisha kuisoma.

Hapa gerejini Clovis amenipa gari. Si la kutengeneza, Mama, la kuendesha. Ni lile la buluu, namba sitini na mbili, na mbio ni zile za magari za Septemba, maili mia tano, hapo hapo Hebron, mbele ya baraza yako.

Jumanne tulikuja kufanya mazoezi. Nisamehe kwamba sikupita nyumbani, ungenisoma usoni. Mzee wa getini aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Binti, wanaouza chakula wanapitia mlango ule mwingine." Clovis akamjibu, "Babu, dereva ndiye huyu. Mpishi ni mimi, na Mungu awasaidie watakaokula."

Na ule upande mpana wa uwanja tulielewana mapema. Upande mwembamba ndio umenishinda. Clovis anawalaumu wazee wa kanisa lenu: wangekubali kuuza makaburi, uwanja usingebanwa upande mmoja kama yai. Unaingia pale kwa kasi, kona inajikunja kabla hujawa tayari, ukuta unakuja kukulaki. Kila gari linatoka pale limechunwa rangi ubavu wa kulia. Mimi nilizunguka mara mbili kama pia.

Baba aliipita kona ile miaka minane kabla haijamchukua. Wewe ulikuwa barazani siku zote hizo, ukisikiliza. Mama, aliachia mafuta wapi, aliinua mguu mahali gani?

Binti yako,
Twyla

*

Hebron, Karolina Kusini
Julai 16, 1978. Asubuhi ukungu, kisha jua kali. Hakuna upepo.

Mwanangu Twyla,

Barua yako nimeipata Jumatano. Mimi ni mzima. Goti halijambo, linauma tu nikipanda ngazi za kanisani. Wewe kula vizuri. Clovis ni mtu mwema lakini anakula kama mbwa wa barabarani, na anayekaa naye huishia hivyo hivyo.

Maharage yamekubali mwaka huu. Nimejaza chupa ishirini za akiba na bado. Nyanya zimeoza chini kwa sababu ya mvua. Eudora wa jirani amechaguliwa tena kuongoza wanawake wa kanisa, kwa hiyo siku ya mbio tutauza wali wa kuku na soseji kama kawaida, na Jumatatu yake tutafagia makaburi kama kawaida. Mwaka jana vumbi la matairi lilikuwa jingi. Jiwe la baba yako lilikuwa jeusi kama sufuria, nikalisugua hadi adhuhuri.

Mchungaji mpya ana kikohozi.

Mama yako

Umeniuliza jambo. Maharage yako motoni, naenda kuyaepua.

*

Randleboro
Julai 30, 1978

Mama mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa nyanya. Barua zako zinaanza kama redio. Nilimsomea Clovis mstari wa kwanza, akauliza kama mvua itanyesha Jumamosi. Mwambie mchungaji anywe asali.

Nitakuambia mwenyewe kabla Eudora hajakuambia. Tulirudi Hebron Alhamisi na nikaupiga ukuta. Siyo sana. Bega limevilia damu na ubavu wa gari umebonyea, basi. Clovis alikuja mbio, akachungulia dirishani, akaona ninapumua, ndipo akaanza: "Dada, ukuta ule haukuomba rangi. Tukitaka kuupaka tutaleta brashi!" Kisha akageuka akajifuta macho, akadhani sikumwona.

Lakini siyo hilo linaloniuma. Tulisimama dukani kununua soda, wanaume wawili wakawa wanazungumza nyuma ya mlango wa friji. Mmoja akasema, "Yule ni binti wa Hoyt Stroud." Mwenzake akasema, "Basi ni damu. Hoyt aliitaka kona ambayo Mungu hakumpa. Tamaa. Alichelewa kuachia mafuta." Nimelisikia neno hilo tangu darasa la kwanza, Mama. Nilikuwa na miaka mitano alipokufa na sina sauti yake kichwani, nina neno hilo tu. Kila nikiikaribia ile kona naachia mafuta nikiwaza: je, na mimi nimechelewa? Na nikiwaza hivyo, gari linalegea, linateleza, linakwenda ukutani.

Sitaki uniruhusu. Nina miaka ishirini na minne na jina langu limekwisha kuandikwa. Nataka tu kujua ulichosikia.

Binti yako,
Twyla

*

Randleboro
Agosti 20, 1978

Mama,

Natumaini u mzima, maana wiki tatu hujaniandikia na Eudora anasema kwenye simu kwamba unapita kwake kila siku ukiwa na afya tele.

Nimeweka tiketi ndani ya bahasha. Kiti kiko juu kabisa, upande mpana, mbali na makaburi. Huhitaji kutazama. Ukae tu.

Alhamisi ya tarehe thelathini na moja ndiyo siku ya mchujo. Magari hamsini na mawili yatajaribu, arobaini ndiyo yatakayoingia. Kwa mwendo wangu wa sasa, mimi ni wa hamsini.

Twyla wako

*

Hebron
Agosti 27, 1978. Alfajiri baridi kidogo, ya kwanza tangu Mei. Mawingu membamba, upepo wa mashariki.

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, na bega lako likiwa limepona. Barua hii nimeianza mara nne. Nilinyamaza kwa sababu niliona kwamba nikikuambia nitakuwa nimekufungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Jana nilipokuwa nikimenya maharage nikaona kwamba mlango umekwisha kufunguka, na wewe unapita gizani. Basi.

Unajua baraza ilivyokaa. Kushoto kwako kuna kanisa, katikati makaburi, kulia ule mwerezi mkubwa, na uwanja unapita nyuma ya vyote. Gari likiwa nyuma ya kanisa, sauti yake inafunikwa, kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Likifika kwenye mwerezi, sauti inafunguka yote.

Magari mengine yote yalikuwa yakipita nyuma ya kanisa yakinguruma, na yalipofika kwenye mwerezi ndipo yaliponyamaza. Hapo ndipo walipoachia mafuta. Baba yako hakufanya hivyo. Yeye alinyamaza mapema, nyuma ya kanisa, wakati wenzake bado wanakanyaga. Mara ya kwanza nilidhani injini imezimika, nikaangusha bakuli. Lakini alipofika kwenye mwerezi alikuwa amekwisha kukanyaga tena, ananguruma peke yake, na wenzake kimya. Jioni nilimwuliza. Alisema, "Arvella, pale watu wanashindana wao kwa wao. Mimi nashindana na kona. Naipa chake mapema, nayo inanipa changu mwishoni. Halafu naegemea karibu na ukuta kama unavyomwegemea mtu dansini, humsukumi, humwachi."

Sasa sikiliza, maana hili sijamwambia mtu yeyote. Siku ile, Septemba ya 1959, nilikuwa kwenye kiti kile kile cha barazani. Alinyamaza nyuma ya kanisa. Mapema, Twyla. Pale pale pake. Akakanyaga tena kabla ya mwerezi, vizuri kabisa, na hapo ndipo nikasikia tairi likipasuka. Lilikuwa tairi. Hakuwa na tamaa na hakuchelewa. Miaka kumi na tisa wamesema mbele yangu, nami nikawaacha, kwa sababu kuwajibu kungenilazimu kuisikia tena sauti ile.

Nimeisikia leo nikiandika. Bado nipo.

Tiketi nairudisha. Usikasirike. Mimi sitaweza kukaa upande mpana.

Mama yako

*

Hebron, uwanjani
Alhamisi, Agosti 31

Mama,

Eudora amekuja kupima mahali pa meza zao za chakula, nitampa karatasi hii akuletee. Nimeingia! Wa thelathini na nane. Niliachia mafuta nyuma ya kanisa, na Clovis alidhani injini imekufa. Anasema alikwisha kuvua kofia. Kisha kwenye mwerezi gari likashika barabara kama lina kucha. Mama, kona ile inafunguka! Ni kama mtu aliyekununia mwaka mzima, ghafla anakusogezea kiti.

Nimelia ndani ya kofia ngumu. Usimwambie Clovis.

Binti yako na wa Hoyt,
Twyla

*

Hebron
Jumapili, Septemba 3, 1978. Asubuhi mbingu safi, umande mwingi. Joto lilianza kabla ya ibada.

Mwanangu Twyla,

Barua hii haitapitia posta. Umelala chumba cha pili na buti zako miguuni, na nimeshindwa kukuvua la kushoto. Utaikuta chini ya sahani yako.

Mchungaji leo alihubiri kwa muda mfupi kuliko kikohozi chake, akaturuhusu twende kwenye masufuria. Nilipakua wali mpaka wimbo wa taifa ulipoanza. Ndipo nikavua aproni. Eudora akaniuliza, "Unakwenda wapi, na watu wamepanga foleni?" Nikamwambia, "Kwa Hoyt."

Nilikaa kando ya kaburi nikafumba macho. Nilidhani ninaujua mlio ule, maana nimeishi nao. Siujui, Twyla. Kutoka barazani ni sauti. Pale ni kitu kingine. Ardhi ilianza kabla ya masikio. Niliweka kiganja juu ya jiwe la baba yako nalo lilikuwa likitetemeka kama ubavu wa farasi, na mawe yote mengine pia, ya wazee waliokataa kuuza, ya watoto waliokufa kwa homa, yote yakivuma. Magari arobaini yakapita juu yetu nyuma ya ule ukuta, na pumzi ikanitoka kifuani bila kuniomba ruhusa.

Nilikutafuta kwa masikio. Mzunguko wa kwanza sikukupata. Wa pili sikukupata. Kisha nyuma ya kanisa, katikati ya ngurumo yote ile, gari moja likanyamaza. Mapema. Na kwenye mwerezi likarudi peke yake. Nikasema kwa sauti, "Huyo." Hakuna aliyenisikia.

Ulipofika nusu ya mbio nilifumbua macho. Eudora alikuwa amenifuata na kijiko bado mkononi. Akasema, "Arvella, umekuja mpaka hapa, panda utazame, au nikubebe?" Tukapanda tuta, mimi na goti langu, hadi kwenye wavu.

Sijui nitakuandikiaje nilichokiona. Nilikuwa nimekiwaza kifo tu kwa miaka kumi na tisa. Sikuwahi kuwaza kwamba mbio zenyewe ni nzuri. Magari yalikuja yameinamia upande mmoja, kama kundi la ndege linapogeuka, yote kwa pamoja, na joto lake likatupiga usoni. Halafu la buluu. Ulikuja chini kidogo ya wengine, polepole ukilinganisha nao, nikauma kidole. Kisha ukapanda, ukauegemea ukuta, ubavu wako ukaugusa, mimi nikaona cheche na unga wa buluu ukiruka hewani kwenye jua, nawe ukampita mmoja, wawili, ukaondoka. Eudora alisema, "Mungu wangu." Nilikuwa nimeshika wavu kwa mikono miwili na nilikuwa ninacheka. Ulifanya hivyo kila mzunguko. Ndivyo alivyokuwa akifanya baba yako, na mimi nilikuwa barazani nikiangalia bakuli.

Ulimaliza wa kumi na nne. Clovis alikuja kwenye meza yetu akala sahani tatu, akamwambia kila aliyepita, "Unamwona mama huyu? Ndiye fundi wangu wa injini."

Yule mzee wa dukani anayependa kusema kuhusu tamaa, nadhani ndiye uliyemsikia, alikuwepo pia kwenye foleni. Nilimpakulia wali, nikamwambia, "Lilikuwa tairi." Akanitazama. Nikamwambia tena. Akavua kofia, akasema, "Ndiyo, mama."

Ulipolala nilirudi makaburini kuchukua shali yangu. Jua lilikuwa linazama. Jiwe la baba yako limejaa vumbi jeusi la matairi kama kila mwaka, lakini safari hii juu ya lile jeusi kuna chembe za rangi ya buluu.

Kesho ni siku ya kufagia. Nitafagia makaburi ya ukoo wa Gaskins, na ya watoto, na ya mchungaji wa zamani. Lile la Hoyt nimeshamwambia Eudora asiliguse.

Kuna maharage kwenye jiko. Saa tano na dakika ishirini usiku. Taa ya baraza nimeizima, nami sasa nalala.

Mama yako